Mistari Minne ya Ukungu

Nilipopigiwa simu kuambiwa Mwalimu Munyoki amefariki, nilikuwa dukani kwangu hapa Makindu, nampimia fundi mmoja misumari ya mabati. Nilimwambia binamu yangu asante kwa habari, nikakata simu, nikamaliza kupima. Halafu nikafungua friji, nikatoa soda, nikainywa yote nikiwa nimesimama. Fundi akaniuliza, "Kuna nini leo, mama, mbona unatabasamu peke yako?" Nikamwambia kuna mtu amekufa. Alichukua misumari yake akaondoka.

Msinihukumu haraka. Nyinyi wa rika langu mliosimama paredi asubuhi na baridi, soksi moja iko juu na nyingine imeanguka, mkimngoja mtu mmoja mwenye kiboko aamue siku yenu itakuwaje, mtanielewa. Huyo mzee nimemchukia tangu darasa la nne. Nimeolewa nikimchukia, nimezaa nikimchukia, nimeokoka nikimchukia. Pasta wangu analijua hilo, na ameshachoka kuniombea. Sasa amekufa kwa uzee kitandani mwake, amezungukwa na watoto wake, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza alimfanyia nini mama yangu. Basi nitasema mimi.

Kwetu ni upande wa Zombe, chini ya kilima chenye kilele kipana. Huko juu kulikuwa na kibanda cheupe cha mabati na uzio wa waya, na watu walikiita stesheni. Kabla hakijafunguliwa, Daktari Wavinya, mama mwembamba kutoka chuo kikuu cha Nairobi, aliwakusanya wazazi kanisani, akawaeleza kwamba anatafuta mtu mmoja wa kupima hewa kila siku. Watu wakauliza mshahara ni ngapi. Wakauliza kama kutakuwa na chakula cha mchana. Mama yangu, aliyeachia shule kidato cha pili, aliinua mkono akauliza, "Na wingu likifunika jua wakati wa kupima, nifanye nini?"

Daktari Wavinya aliacha kuandika, akamgeukia. "Ukiona wingu karibu na jua, usipime," akasema. "Acha mstari mtupu. Hata huo mstari mtupu ninauhitaji." Mama akapewa kazi siku hiyo hiyo.

Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa Biblia ya Kikamba, chenye tundu mbele na kidirisha cha namba nyuma. Hukuangalia jua lenyewe, ungeharibu macho. Ulielekeza kisanduku juu, ukakigeuza taratibu mpaka ule mwanga mdogo unaopita tunduni uangukie alama iliyo ndani, halafu ukabana pumzi ili mkono usitikisike. Namba zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Mama aliandika ile ya juu kabisa, akaandika saa, akaandika hali ya mawingu. Mara tano kwa siku. Namba ikiwa kubwa, hewa ni safi. Ikiwa ndogo, kuna vumbi au moshi kati yetu na jua. Msimu wa kuchoma makaa namba zilianguka hata siku ambazo wewe na macho yako uliona anga ni bluu tu.

Jumamosi alinichukua nipande naye. Nakumbuka mabati ya kile kibanda yakilialia jua likiyapata, na harufu ya uji wa wimbi ndani ya chupa ya chai, na leso ya Mama iliyonuka jasho na moshi wa kuni, ambayo aliifutia ile mashine kila baada ya kupima, kwa pembe moja tu, ile safi. Maelezo ya Daktari niliyakariri yote, lakini moyoni nilielewa vingine kabisa. Nilidhani Mama analifanyisha jua mtihani. Zile namba zilikuwa maksi. Jua la saa moja lilikuwa mwanafunzi mzembe, jua la saa sita lilikuwa namba moja darasani, na siku ya ukungu jua lilikuwa halikuja shule. Nilitembea kijijini kifua mbele. Wenzangu mama zao walikuwa na mbuzi, wangu alikuwa anasahihisha jua.

Sasa, Mwalimu Munyoki. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa kamati ya stesheni, kwa sababu kwetu mtu akishika kiti kimoja vingine humfuata vyenyewe. Alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko watoto wake, nacho ni daftari lililojaa. Rejista ya darasa haikutakiwa kuwa na pengo. Kitabu cha mwanafunzi hakikutakiwa kuwa na pengo. Ukishindwa na hesabu, andika chochote, usiache wazi. Kuacha wazi kulikuwa viboko viwili, na kukosea kulikuwa kimoja. Sote tulijifunza hesabu hiyo mapema.

Ikaja miezi ya baridi. Mnajua kilima chetu miezi hiyo, ukungu unashuka asubuhi na unakaa, siku nyingine mpaka saa nane, siku nyingine hauondoki kabisa. Mama alipanda vilevile. Alipanda na shuka begani, akaketi kibandani, akangoja, na saa ilipofika akatoka nje, akatazama juu, akarudi ndani, akaandika "ukungu" na kuacha nafasi ya namba wazi. Mara tano. Kisha akashuka na viatu vimelowa.

Jumapili moja baada ya ibada, Mwalimu Munyoki aliwaambia watu wasitoke. Alikuwa na daftari la Mama mkononi. Akavaa miwani akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya paredi. "Jumatatu asubuhi, hakuna. Jumatatu saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna." Alisoma wiki tatu nzima. Katikati mtu mmoja akacheka, halafu wengine wakasaidia kusema naye, "Hakuna!"

Mama alisimama. "Mwalimu, kulikuwa na ukungu. Daktari alisema tusipime."

"Kwani Daktari ako hapa?"

"Hayuko. Lakini ndivyo alivyosema."

"Mama Mwende, wewe unalipwa kila mwezi kwa sababu ya kutuletea hakuna? Hata mtoto wa nasari angejaza kitu!" Watu wakacheka tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama chini, kwa sababu kwa sekunde moja nilidhani Mwalimu ana haki.

Kamati ikakubaliana pale pale kwamba kazi ipewe mtu mwenye bidii. Mwenye bidii akapatikana haraka sana. Alikuwa Mama Kalunde, mke wake Mwalimu. Jumatatu asubuhi Mama aliifuta ile mashine na pembe ya leso, akaipeleka nyumbani kwa Mwalimu mwenyewe, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kutoka siku hiyo akarudi kulima mashamba ya watu. Watoto shuleni wakanipa jina Hakuna. "Hakuna, kuja tucheze. Hakuna, umemaliza uji?"

Wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu yangu ya kupeleka maji kwa mwalimu mkuu. Mnakumbuka zamu hizo, mtungi kichwani kabla ya kengele. Nilifika na ukungu ulikuwa mzito, hata choo chao sikukiona vizuri. Mama Kalunde alikuwa ameketi kigodani mlangoni, anachambua ndengu kwenye ungo, na lile daftari liko gotini. Ile mashine ilikuwa juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma. Akamwita binti yake aliyekuwa jikoni. "Kalunde! Jana tuliweka ngapi ya saa nne?" Binti akajibu. "Basi leo tupunguze kidogo," akasema, akaandika, akarudi kwa ndengu zake.

Nilimimina maji kwenye pipa taratibu sana. Niliona jinsi nitakavyowamaliza.

Nilichukua daftari jipya la hesabu, nikalifunika na karatasi ya gazeti, nikapiga mistari na rula kama ya Mama, ila kila siku nikaipa mstari mmoja wenye vyumba vitano. Kutoka uwanja wa shule ulikiona kilima chote, na njia ya kupanda, na kibanda ukungu ukiruhusu. Mara tano kwa siku nilitoka. Kabla ya paredi, mapumziko, chakula cha mchana, michezo, na wakati wa kwenda nyumbani. Niliandika kama kuna jua, wingu au ukungu, na kando yake nikaandika kama Mama Kalunde amepanda au hajapanda. Alipanda mara tatu kwa miezi miwili. Na hizo mara tatu niliziandika, sikumwonea. Darasani walidhani naharisha, vile nilivyokuwa natoka. Mwalimu wa Kiswahili alinichapa kwa hilo, nikampa mkono bila kulia. Sikumwambia mtu, hata Mama. Kila usiku kabla ya kulala niliomba Mungu asilete jua.

Halafu malaria ikanipata. Mama alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata lori la mchanga, nikalazwa kituo cha afya cha Zombe siku nne. Mama alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitoa lile daftari chini ya godoro. Nikaona pengo. Siku nne, tupu. Nikasikia ile sauti masikioni kabisa, Jumatatu hakuna, Jumanne hakuna, na kanisa lote likiitikia. Nikawaona wakinicheka mimi na Mama pamoja. Nikachukua penseli nikajaza. Ukungu, hajapanda. Ukungu, hajapanda. Haikunichukua hata dakika mbili. Nilijisikia vizuri, daftari lilipendeza.

Mwisho wa muhula Daktari Wavinya alikuja. Mwalimu aliandaa sherehe kanisani, kwaya, chapati, soda za wageni. Alisimama mbele akainua daftari la mke wake juu kwa mikono miwili. "Daktari, tangu tushike kazi hii sisi wenyewe, daftari hili halina pengo hata moja. Hata moja!" Watu wakapiga makofi. Daktari hakupiga. Alikuwa ameshalichukua mkononi mwa Mwalimu na kulifungua, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Nilitembea kutoka benchi la nyuma. Nilikuwa nimelikumbatia daftari langu la karatasi ya gazeti.

"Wewe! Rudi ukae!" Mwalimu akasema.

"Mwache aje," Daktari akasema.

Nikampa. Nikamwambia ni nini, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaweka madaftari mawili sambamba juu ya meza ya mchungaji, akashuka na kidole huku na kidole huku. Halafu akageuka. "Mama Kalunde, Jumanne hii, saa nne asubuhi, ulipima jua gani?"

Mama Kalunde alimwangalia mumewe. "Labda... lilichungulia kidogo."

"Aiya!" mama mmoja akasema kutoka katikati, na kanisa likalipuka kwa kicheko. Niliona jasho likimtoka Mwalimu kwenye upara, likapita nyuma ya sikio, likaingia kwenye kola. Jamani, nimekula pilau za harusi, nimekula mbuzi wa Krismasi, lakini sijawahi kuonja kitu kitamu kama lile jasho. Ningeweza kufa siku hiyo nikiwa nimeshiba.

Daktari akanyamazisha watu. Akasema mambo wazi, kila mtu akasikia. Akipeleka daftari langu Nairobi, anaweza kuwaonyesha wakubwa wake nani alipika namba na nani alifukuzwa bure. Stesheni itaendelea, na Mama Mwende atarudi kazini Jumatatu. Lakini mimi ni mtoto. Anahitaji mtu mzima wa hapa, anayejua kupima, alisome lote na kuweka sahihi kwamba ni kweli. Akamnyooshea Mama kalamu.

Mama alikuja mbele na vumbi la shamba la watu kwenye miguu. Hakuwa ameliona hilo daftari maishani mwake. Akanitazama, macho yakamjaa maji, akanishika kichwa kidogo. Kisha akaanza kusoma mstari kwa mstari, vile alivyofanya kila kitu. Nilihesabu kurasa akifungua. Nilipojua amefika pale, nilimtazama usoni, nikamwomba kwa macho, nikamwomba na mwili wote. Kidole chake kilisimama. Kikarudi juu, kikashuka tena. Alikuwa anahesabu siku.

Akaweka kalamu mezani.

"Daktari, hizi siku nne si za kweli. Mtoto alikuwa amelazwa Zombe. Mimi nilikuwa naye. Hakuna kati yetu aliyekiona kilima."

"Na zile zingine?"

"Zingine naamini ni za kweli. Lakini umeniambia nitie sahihi ya zote."

Daktari Wavinya alifunga macho. Nadhani alitaka Mama anyamaze kama mimi nilivyotaka. Mwalimu ndiye hakunyamaza. "Mnaona? Mnaona sasa! Tunaaibishwa na mtoto mwongo ndani ya nyumba ya Mungu!" Na wale wale waliomcheka mke wake dakika tano zilizopita wakaanza kutikisa vichwa kunielekea mimi.

Daktari alisema wakubwa wake watamuuliza, kama nne zimetungwa, zimetungwa ngapi nyingine, naye hatakuwa na jibu. Kilima kimoja kimetoa madaftari mawili ya kujazwa. Watafunga. Akaenda hadi nyumbani kwa Mwalimu kuchukua ile mashine, akaifunga ndani ya sweta yake, akaingia garini. Kabla ya kuondoka alishuka tena, akamshika Mama mkono kwa muda mrefu, wakaongea maneno ambayo sikuyasikia. Kibanda kikabaki. Baadaye watu waliiba mabati.

Mwalimu Munyoki alibaki na viti vyake viwili, cha shule na cha kanisa. Muhula uliofuata akaanza mchezo wake. Kila asubuhi paredi aliita, "Mwende! Toka mbele. Tuambie, leo kuna jua au kuna ukungu?" Shule nzima ikasubiri. Nikisema jua, anauliza, "Una hakika? Usije ukatudanganya." Nikinyamaza, kiboko. Alifanya hivyo mpaka nikamaliza darasa la nane, miaka minne, na jua likiwa limetupiga sote usoni. Ndiyo sababu ya soda yangu, na nikipewa nyingine nitainywa.

Lakini siku ile ya sherehe, tukirudi nyumbani, Mama mbele na mimi nyuma kwenye njia ya mchanga, ndipo niliposikia neno ambalo viboko vyote vya Mwalimu havikulifikia. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nikamwambia, "Mwaitu, kwa nini hukunyamaza? Si ungenyamaza tu! Wangekurudishia kazi!"

Alisimama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniangalia kama mtu aliyechoka anavyoangalia mzigo uliobaki.

"Mwana wakwa, kitabu chako kilikuwa kizuri sana," akasema. "Ungeniachia hiyo mistari minne mitupu tu, leo ningekuwa na kazi."

Akageuka akaendelea kutembea. Hakunichapa. Nilingoja anichape jioni hiyo, nikangoja kesho yake, nikangoja mpaka Jumapili. Alikuwa ananipakulia chakula kama kawaida, nyama yangu ikiwa juu. Kwa hivyo nilimgeukia Mwalimu Munyoki, nikamchukia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mtu mwingine aliyebaki wa kuchukiwa alikuwa na miaka kumi, na alikuwa bado ana ile penseli mfukoni.